Mshauri Nasaha Hafunzwi kwa Siku Moja

Chuo Kikuu cha Muni kilipoanzishwa Arua mwaka 2013, vijana wa West Nile walipata chuo kikuu cha umma karibu na makwao. Wako miongoni mwao ambao wazazi wao walikulia ukimbizini Sudan na Zaire baada ya vita vya 1979. Wengine waliingia Koboko kutoka Sudan Kusini mapigano yalipozuka upya Julai 2016. Kijana wa namna hiyo huja chuoni na daftari mkononi, na moyoni ana mambo asiyoyasema.

Kwa desturi kijana aliyesumbuka hupelekwa kwa mzee wa ukoo au kwa kiongozi wa dini, wala hilo si baya. Lakini mzee huonya na kukata shauri. Mshauri nasaha kazi yake ni nyingine: husikiliza, huuliza, humwacha kijana aione njia yake mwenyewe. Wadhanio kuwa yatosha kuwa na huruma wamekosea. Mafunzo ya shahada ya pili, kama yatolewavyo Makerere, huchukua kwa kawaida miaka miwili. Vitabu ni sehemu tu. Sehemu ngumu ni kukaa na watu wenye shida za kweli, kisha kuyaeleza yote mbele ya msimamizi, ambaye huikagua kazi hiyo kama kamanda akaguavyo taarifa ya doria: hapa uliharakisha, hapa ulihukumu, hapa hukusikia.

Hapo ndipo hufunzwa juu ya siri. Siri ya mwanafunzi hulindwa, hata mzazi akiwa afisa mwenye cheo. Ila uhai ukiwa hatarini, mshauri hana budi kuwaita wenzake, tena upesi.

Jambo hili linawagusa polisi moja kwa moja. Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika Uganda mwaka 1950 ililihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Basi konstebo aitwaye bwenini usiku humkuta mtu ambaye kitabu humwita mtuhumiwa, na mshauri humwita mgonjwa. Toka Koboko hadi Hospitali ya Rufaa ya Arua ni kilomita zipatazo 55. Mahabusu iko karibu zaidi. Mshauri aliyefunzwa vema huwa amekwisha kuzungumza na mkuu wa kituo kabla ya usiku huo kufika.