Maili za Ndege: Zinapatikanaje, Zinatumikaje, na ni Mali ya Nani?



Siku hizi si ajabu kumkuta mchungaji, mganga wa zahanati, mratibu wa mradi wa maji au katibu wa kikundi cha akina mama kutoka Dodoma akipanda ndege kwenda Nairobi, Addis Ababa au hata Ulaya kwa ajili ya mkutano au mafunzo. Wengi wao, wanapokatiwa tiketi, huulizwa kama wana namba ya uanachama wa shirika la ndege. Wengine hujibu hapana na jambo likaishia hapo. Wengine wanayo namba, na kila safari huongeza kitu katika akaunti yao bila mtu mwingine ofisini kujua.

Kitu hicho huitwa maili. Katika makala hii tunaeleza maili ni nini, zinapatikana na kutumika namna gani. Tunaeleza pia swali ambalo taasisi nyingi za kidini na za maendeleo hazijalijibu kwa maandishi: safari ikilipiwa na mradi, maili ni za nani?

Maili ni nini?

Maili ni pointi ambazo shirika la ndege humpa msafiri ili arudi kwao tena badala ya kwenda kwa mshindani. Mpango mkubwa wa kwanza uliojulikana duniani ni ule wa American Airlines ya Marekani, ulioanza Mei 1981. Wakati huo hesabu ilikuwa rahisi: ukiruka maili elfu moja, unaandikiwa pointi elfu moja. Maili moja ni kilometa 1.6 hivi. Ndipo jina likabaki, ingawa leo mara nyingi pointi hazifuati tena umbali.

Kwa msafiri wa Tanzania, mipango anayokutana nayo zaidi ni ile ya mashirika yanayotua Dar es Salaam, Kilimanjaro na Zanzibar. Ethiopian Airlines wana ShebaMiles, Emirates wana Skywards, na Turkish Airlines wana Miles&Smiles. KLM na Air France wana Flying Blue, mpango ulioanza mwaka 2005. Kwa miaka mingi Kenya Airways nao walitumia Flying Blue, kabla ya kuanzisha mpango wao wenyewe uitwao Asante Rewards.

Mashirika mengi pia yamejiunga katika miungano. Kenya Airways waliingia SkyTeam mwaka 2010, na Ethiopian waliingia Star Alliance mwaka 2011. Maana yake ni kwamba huhitaji namba kwa kila shirika. Mwenye namba ya ShebaMiles anaweza kuitoa anaporuka na Turkish au Lufthansa, kwa kuwa wote ni wa muungano mmoja. Emirates hawamo katika muungano wowote kati ya hii, ingawa wana washirika wao.

Namna ya kupata maili

1. Jiandikishe kabla ya safari. Kujiunga ni bure, na hufanyika kwenye tovuti ya shirika. Andika majina kama yalivyo kwenye pasipoti. Hapa wengi wetu hukwama: pasipoti ina majina matatu, akaunti ina mawili, na tiketi ina jina la ubatizo lisilo kwenye pasipoti. Majina yasipolingana, maili haziingii.

2. Toa namba yako wakati wa kukata tiketi, kisha isome tena kwenye tiketi uliyoletewa. Hakikisha ni yako, wala si ya mtu mwingine.

3. Tunza pasi ya kupandia ndege mpaka uone maili zimeingia. Zisipoingia, unaweza kuzidai, lakini kuna muda maalumu wa kudai na ukipita hupewi kitu.

4. Uliza tiketi yako inatoa maili kiasi gani. Baadhi ya mashirika huangalia umbali na daraja la tiketi. Mengine huangalia fedha iliyolipwa. Flying Blue walibadili utaratibu mwaka 2018: mwanachama wa ngazi ya chini hupata maili 4 kwa kila euro moja ya nauli, bila kuhesabu kodi. Nauli ya euro 900 humpa basi maili 3,600. Tiketi za bei ya chini sana na zile maalumu za vikundi zinaweza kutoa maili chache au zisitoe kabisa.

Namna ya kuzitumia, na mahali zinapopotelea

Maili hutumika kupata tiketi, kupandishwa daraja, au kulipia mzigo wa ziada. Lakini yapo mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, tiketi ya maili si ya bure kabisa. Kodi na tozo za viwanja hulipwa kwa fedha, na kwa safari za mbali kiasi hicho si kidogo. Kabla ya kutumia maili, linganisha na nauli ya kawaida ya siku hiyo.

Pili, maili hufa. Baadhi ya mipango huzifuta baada ya miaka 2 bila safari, mingine baada ya miaka 3 tangu zilipopatikana. Tiketi ya kwenda Ulaya mara nyingi huhitaji makumi ya maelfu ya maili. Anayesafiri mara moja kwa mwaka na kupata maili 3,600 atangoja miaka mingi, na pengine zitafutwa kabla hajafika.

Tatu, maili zilizotawanyika hazifai kitu. Chukua ofisi yenye watumishi watano, kila mmoja na safari moja na maili zake 3,600. Jumla ni maili 18,000, lakini ziko katika akaunti tano na hakuna hata moja yenye maili za kutosha tiketi ya mbali.

Je, maili ni za nani?

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Kikundi cha akiba na mikopo kimemtuma mwanachama wake soko la nafaka la Kibaigwa kununua magunia 20 ya mahindi kwa fedha ya kikundi. Mfanyabiashara anafurahi kupata mteja mkubwa, anaongeza debe moja juu. Je, debe hilo ni la aliyetumwa au ni la kikundi?

Wengi watasema ni la kikundi, kwa sababu bila magunia 20 ya kikundi debe lisingekuwepo. Nyongeza imefuata fedha. Maili nazo ni nyongeza ya namna hiyo. Shirika la ndege halikuzitoa kwa huruma; limezihesabu ndani ya nauli. Aliyelipa nauli ndiye aliyelipia maili.

Hata hivyo upande wa pili una neno la haki. Msafiri ndiye aliyelala uwanja wa ndege, aliyeacha watoto nyumbani na kukosa kilimo cha msimu kwa ajili ya kazi. Tena mashirika ya ndege huandika maili kwa jina la mtu, si la ofisi. Wapo wanaosema kumwachia maili ni shukrani ndogo isiyomgharimu mwajiri kitu.

Nchi mbalimbali zimeamua tofauti. Nchini Marekani, watumishi wa serikali kuu hawakuruhusiwa kutumia kwa mambo binafsi maili za safari za kikazi, mpaka sheria ya Desemba 2001 ilipowaruhusu kuzitunza. Nchini Ujerumani, Bunge lilielekeza kuwa maili za safari za kibunge zitumike kwa safari za kibunge. Mwaka 2002 ilipobainika kuwa baadhi ya wanasiasa walizitumia kwa safari binafsi, kelele zilikuwa kubwa. Cem Özdemir wa chama cha Kijani alijiuzulu usemaji wake, na Gregor Gysi aliacha wadhifa wake katika serikali ya jimbo la Berlin. Thamani ya tiketi zenyewe haikuwa kubwa. Kilichovunjika ni imani ya waliowatuma.

Kwa taasisi inayoishi kwa michango, imani hiyo ndiyo mtaji. Fedha ya tiketi ya mradi imetoka kwa mfadhili ambaye pengine ni mstaafu wa kipato kidogo, au imetoka kwenye sadaka ya mkulima wa mtama wa Bahi au Chamwino katika mwaka ambao mvua ilikatika Februari. Hao hawajui maili ni nini, na kwa sababu hiyo hawawezi kuziulizia. Uwakili mwema hupimwa hasa katika mambo ambayo mwenye mali hana njia ya kuyaona.

Hatari iliyo kubwa kuliko maili zenyewe

Maili 3,600 si mali nyingi. Hasara kubwa huja pale msafiri anapoanza kuchagua safari kwa ajili ya maili. Anakataa tiketi nafuu kwa kuwa si ya shirika "lake". Anapita njia ndefu. Anaomba ndege pale ambapo basi au treni ingetosha. Tangu treni ya reli ya kisasa ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, mtu anafika Dar es Salaam kwa saa 4 hivi, na nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Anayeng'ang'ania ndege ya ndani ili apate maili chache anaweza kuugharimu mradi mara kadhaa ya kiasi hicho.

Vilevile, yapo mashirika yenye nauli maalumu kwa wamisionari na watumishi wa misaada, zikiwa na mzigo wa ziada na ruhusa ya kubadili tarehe. Nauli hizo zinaweza kutoa maili kidogo, lakini mara nyingi zinaokoa fedha kuliko maili zozote.

Mapendekezo yetu

Tunashauri kila taasisi, hata ile yenye safari mbili tu kwa mwaka, iandike ukurasa mmoja na kuupitisha katika kikao cha bodi. Ukurasa huo useme yafuatayo:

• Tiketi huchaguliwa kwa bei, usalama na muda. Maili haziingii katika uamuzi huo.

• Kila msafiri wa kikazi ajiandikishe na kutoa namba yake, ili nyongeza iliyokwisha kulipiwa isipotee.

• Mhasibu awe na daftari dogo: jina la msafiri, tarehe, safari, maili zilizopatikana, na siku zitakapokufa.

• Maili za safari za mradi zitumike kwanza kwa kazi: tiketi ya mtumishi mwingine, au mzigo wa ziada wa vifaa vya zahanati. Bodi ikiamua kumwachia msafiri, iandike hivyo wazi na mfadhili ajulishwe.

• Uliza kama shirika lina mpango wa taasisi. KLM na Air France wana bluebiz, na Emirates wana Business Rewards. Katika mipango hii ofisi hupata pointi zake yenyewe na msafiri hubaki na zake. Hakikisha kwanza kama inakubali taasisi zilizosajiliwa Tanzania.

• Maili za safari ambayo mtu amejilipia mwenyewe ni zake, na hakuna wa kumuuliza.

Maili zikiwa chache mno kwa tiketi, usiziache zife. Mipango mingi inaruhusu kuzitoa msaada kwa mashirika ya hisani yaliyoorodheshwa kwenye tovuti zao, ambako huchanganywa na za wengine na kumsafirisha mgonjwa au daktari.

Mambo haya yanaweza kuonekana madogo mbele ya visima, shule na chanjo. Lakini mwanakijiji anayeombwa kuchangia shilingi 5,000 za mradi wa maji ana haki ya kuamini kuwa ofisini hata nyongeza ya tiketi imeandikwa daftarini. Tunawaomba viongozi wa taasisi walete ajenda hii katika kikao chao kijacho cha bodi. Dakika 20 zinatosha kuimaliza.