Breki za Peugeot Kuukuu

Wanafunzi wenzangu, nani kati yetu hajaona Peugeot 504 kuukuu imeachwa chini ya mwembe, huku kwetu Migori au kule Homa Bay? Gari la aina hii lilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978. Anayelifufua nyumbani hushangilia injini ikinguruma. Lakini ngoja kwanza, je, litasimama?

Kanyaga pedali. Ikiwa laini kama sifongo, kisha ikakaza ukiipampu, kuna hewa ndani ya paipu. Hewa hubanwa, mafuta hayabanwi. Itoe kupitia niplo ya kila gurudumu huku mwenzako akikanyaga. Pedali ikizama polepole hadi chini, tafuta panapovuja. Usipoona kitu, huenda mipira ya masta silinda imekwisha. Gari likivuta kulia, kagua breki za kushoto. Pengine pistoni imeshikwa na kutu.

Kosa kubwa ni kuongeza mafuta ya injini mahali pa mafuta ya breki. Hayo huifurisha mipira na kuiharibu yote. Hata mafuta ya breki yenyewe hunyonya unyevu. Yakizeeka, huweza kuchemka kwenye mteremko mrefu, yakatoa mvuke, na pedali ikaenda chini bure. Kwa hivyo yamwage, utie mapya kutoka mkebe ambao haujafunguliwa.

Mwisho, jaribu gari uani, polepole, na fundi alikague kabla ya kuingia barabarani. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.