Mkono mkubwa nao kasheshe kwenye bastola

WALIOANGALIA Olimpiki ya Paris 2024 hawajamsahau yule mzee wa Uturuki, Yusuf Dikeç, miaka 51, aliyepiga shabaha mkono mmoja ukiwa mfukoni kama yuko stendi anasubiri daladala. Yeye na Şevval İlayda Tarhan waliondoka na fedha ya timu mchanganyiko, bastola ya hewa mita 10, baada ya kuchapwa 16-14 na Zorana Arunović na Damir Mikec wa Serbia.

Mashabiki wakaishia kuuangalia mfuko. Kazi ilikuwa kwenye mkono ule mwingine, ulioshika mpini.

Kwenye soka, kipa mwenye viganja vipana anaonekana kazaliwa na bahati. Kwenye bastola bahati hiyo hiyo inaweza kumgeuka. Mkono mkubwa ukishika mpini mdogo, kidole cha shahada kinapitiliza. Badala ya kuvuta triga kwa nyama ya ncha ya kidole, mtu anavuta kwa kiungo, na triga inasukumwa pembeni badala ya kurudi nyuma moja kwa moja. Mtutu nao unafuata.

Hesabu yake inatisha. Chukulia vilengeo vya mbele na nyuma vimeachana sentimita 33. Cha mbele kikihama milimita 1 tu, risasi inatua kama sentimita 3 nje ya katikati. Duara la pointi 10 lina upana wa milimita 11.5, hivyo hapo mpigaji kashaambulia 7. Na mchujo ni risasi 60 ndani ya dakika 75, zote kwa mkono mmoja ulionyooshwa.

Ndiyo maana jamaa hawa hawanunui mpini kwa kukadiria. Watengenezaji kama Morini na Rink wanauza kwa saizi, wa kulia mbali, wa kushoto mbali. Mwenye mkono mkubwa anachukua saizi kubwa, kisha anasogeza triga mbele mpaka kidole kikae sawa. Chini ya mpini kuna kibao cha kuegemeza kiganja. Nacho kinashushwa ili mkono upate nafasi bila kucheza.

Bado haitoshi. Panapobana panapigwa tupa na msasa, penye uwazi panajazwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Halafu kinakuja kipimo ambacho hakidanganyi: funga macho, inua bastola, fumbua. Vilengeo vikiwa vimekaa upande, mpini haujakubali mkono, rudi kwenye tupa. Wengine wanachonga kwa miezi, kidogo kidogo, maana mbao ikishatoka kuirudisha ni shughuli.

Sasa hapo ndipo mwenye kiganja cha kipa anapokutana na refa. Kanuni za mita 10 zinataka bastola nzima, na mpini wake, iingie kwenye boksi la sentimita 42 kwa 20 kwa 5. Uzito usizidi kilo 1.5, na mpini usiguse kifundo cha mkono. Anayeongeza mbao ili kujaza kiganja anaisogelea ile sentimita 5, na bastola isiyoingia kwenye boksi haishindani.

Kwa hiyo mwenye mikono mikubwa anafika ukaguzini na mpini uliojazwa upande mmoja na kukatwa upande mwingine, umejaa alama za tupa, haufanani na wa mtu yeyote pale ukumbini.