Kioo cha gari kikigoma kupanda, pima kabla ya kununua mota

Kioo cha mlango kinaposhuka na kukataa kupanda wakati wa mvua za Oktoba hadi Desemba, mwenye gari huwa hana muda wa kufikiri. Gari haliwezi kulala nje mjini Meru au Embu likiwa wazi, viti vinalowa, na fundi wa kwanza kusema "ni mota" ndiye anayesikilizwa. Mota inanunuliwa, mara nyingi ikiwa imetumika, inafungwa, na kioo bado hakipandi. Pesa zimeenda, na kasoro ingali palepale ilipokuwa: waya mmoja mwembamba uliokatika karibu na bawaba ya mlango.

Tatizo hili linawahusu wakazi wengi kwa sababu ya umri wa magari yetu. Kanuni za Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) haziruhusu gari lililotumika kuingizwa Kenya likiwa limezidi miaka minane. Lakini gari lililofika Mombasa likiwa na miaka saba, kisha likahudumu miaka kumi na miwili kati ya Nkubu, Chuka na Runyenjes, sasa linakaribia miaka ishirini. Injini yake yaweza kuwa nzima kabisa. Mpira, plastiki na nyaya za milangoni ndizo zilizochoka.

Kioo cha umeme kina sehemu chache tu. Kuna fyuzi, kuna swichi, kuna nyaya zinazopita kutoka kwenye bodi ya gari hadi ndani ya mlango, kuna mota, na kuna mashine ya kunyanyulia kioo ambayo mafundi huiita regulata. Mota moja hupandisha na kushusha. Swichi ndiyo inayogeuza mwelekeo wa umeme ili mota izunguke upande huu au ule. Kwa hiyo kioo kinachoshuka vizuri lakini hakipandi si lazima kiwe na mota mbovu. Mota yenye nguvu ya kushusha inaweza kuwa nzima, ila swichi imechakaa upande mmoja, au kioo kimebanwa na mpira mkavu kiasi kwamba kukiinua ni kazi kubwa kuliko kukishusha.

Swali la kwanza ni kama vioo vyote vimekufa au ni kimoja. Vikifa vyote kwa pamoja, mota nne haziwezi kuharibika siku moja. Tatizo liko kwenye fyuzi, relei, swichi kuu ya dereva au nyaya zake. Fyuzi ikiungua, ibadilishwe kwa nyingine yenye ampea zilezile zilizoandikwa kwenye kifuniko cha kisanduku chake. Kuweka waya wa shaba au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ni kuomba moto ndani ya dashibodi. Na fyuzi mpya ikiungua tena papo hapo, kuna waya uliochubuka na kugusa chuma. Hapo kazi ni kuutafuta waya huo.

Vikifa vya abiria pekee huku cha dereva kikifanya kazi, tazama kitufe cha kufungia vioo kwenye mlango wa dereva kabla ya kufungua chochote. Hubonyezwa kwa bahati mbaya wakati wa kuosha gari, na si mara moja mtu amepeleka gari gereji kwa sababu yake.

Kikifa kimoja, jaribu swichi zote mbili zinazokiendesha: ya mlango wenyewe na ile ya dereva. Kioo kikitii swichi ya dereva lakini si ya mlangoni pake, mota ni nzima na swichi ya mlangoni ndiyo mbovu. Kisipotii yoyote, msako unaendelea, lakini usiishie kwenye mlango huo tu. Katika magari mengi ya zamani kutoka Japani, umeme wa vioo vya abiria hupitia kwanza kwenye swichi kuu ya dereva. Kioo cha nyuma kushoto kinaweza kugoma kwa sababu ya kutu iliyo ndani ya swichi ya mlango wa mbele kulia. Swichi hiyo ndiyo inayonyeshewa kila mara dereva anapoacha kioo wazi, na ndiyo inayomwagikiwa chai na soda.

Kisha sikiliza. Zima redio, fungua swichi ya gari, na ubonyeze. Mota ikisikika ikizunguka huku kioo kimetulia, umeme uko sawa na mota iko sawa. Kilichokatika ni kebo ya regulata au vishikizo vya plastiki vinavyokamata kioo. Kukiwa na mlio mfupi na taa za dashibodi kufifia kidogo, mota inapata umeme lakini imeshindwa na mzigo, au imekwama yenyewe. Kukiwa kimya kabisa, umeme haufiki, au mota imekufa. Kuna dalili nyingine inayowachanganya wengi: kioo kinagoma, kisha baada ya dakika chache kinafanya kazi kama kawaida. Mota nyingi zina kinga ndani inayokata umeme zinapopata joto kupita kiasi. Kinga hiyo ikikata mara kwa mara, kuna kitu kinachoifanya mota ihangaike, na kitu hicho mara nyingi ni vumbi.

Kimya kabisa ndicho kinachowagharimu watu, kwa kuwa ndicho kinachofanana zaidi na mota iliyokufa. Nyaya za mlango hupita ndani ya mpira wenye mikunjo ulio kati ya mlango na nguzo ya bodi, karibu na bawaba. Kila mlango unapofunguliwa na kufungwa, nyaya hizo hukunjwa na kunyooshwa. Mlango wa dereva ndio unaofunguliwa kuliko yote, hivyo nyaya zake hutangulia kukatika. Gari linalobeba abiria hutesa milango ya nyuma pia. Kwa nje waya huonekana mzima, kwani kinachokatika kwanza ni shaba iliyo ndani ya ngozi yake ya plastiki.

Jaribio lake halihitaji kifaa. Mtu mmoja abonyeze swichi bila kuachia, mwingine aufungue na kuufunga mlango polepole. Kioo kikishtuka au kusogea mlango ukifika pembe fulani, waya umekatika pale kwenye mikunjo. Dalili nyingine ni kwamba spika au kufuli ya umeme ya mlango huohuo nayo inakatikakatika. Matengenezo mazuri ni kuunganisha kipande cha waya mpya unaonyumbulika, kulehemu maungio kwa risasi, na kuyaweka mbali na sehemu inayokunjwa. Kusokota nyaya na kuzungushia utepe ndani ya mikunjo ileile kutadumu kwa muda mfupi tu, kisha mwenye gari atarudi kulipa tena.

Jaribio linalothibitisha mota ni jepesi vilevile, na kila fundi wa umeme wa magari analijua. Ubao wa ndani wa mlango unatolewa, plagi ya mota inachomolewa, na balbu ya kawaida ya gari inaunganishwa kwenye nyaya mbili za plagi hiyo. Swichi ikibonyezwa juu balbu iwake, ikibonyezwa chini iwake pia. Ikiwaka kwa nguvu pande zote, umeme unafika na mota ndiyo ya kulaumiwa. Isipowaka, kununua mota ni kutupa pesa. Balbu ni bora kuliko testa ndogo ya LED, ambayo huwaka hata kwa umeme kidogo unaopenya kwenye waya uliobaki nyuzi mbili tatu, umeme usioweza kuzungusha mota.

Kuna njia ya kienyeji ambayo si ya kudharauliwa: kupiga ubao wa mlango kwa kiganja huku swichi imebonyezwa. Mota ikiamka, brashi zake za ndani zimeisha na inahitaji kubadilishwa karibuni. Angalau kioo kitapanda usiku huo.

Kwa magari ya Mbeere, Tharaka na barabara za murramu za Igembe, adui mkuu ni vumbi linalojaa kwenye mifereji ya mpira ambamo kioo hupita. Lioshwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni, mpira ukauke, kisha upuliziwe dawa ya silikoni. Oili ya injini na grisi zisipakwe kwenye mpira, kwani huulainisha na kuuvimbisha, na zaidi hushika vumbi. Grisi ina mahali pake kwenye reli za chuma za regulata.

Maji nayo yana njia yake. Mlango umeundwa ukijua kwamba mvua itapenya kando ya kioo, itateremka ndani na kutokea kwenye vitundu vilivyo chini ya mlango. Tope likiviziba, maji hukaa, na regulata huota kutu. Vitundu hivyo vizibuliwe kwa kijiti kila gari linapooshwa. Vilevile kuna karatasi ya plastiki iliyobandikwa nyuma ya ubao wa mlango kuzuia maji yasifike kwenye swichi na sakafu. Fundi akiichana na kuitupa, gari litaanza kulowa miguuni. Mwenye gari aulize kama imerudishwa kabla ubao haujafungwa.

Kazi ya ndani ya mlango ina hatari zake. Kingo za bati hukata, kioo kisichofungwa kwa utepe huporomoka, na regulata nyingine zina springi kali inayoweza kuvunja vidole mota ikifunguliwa bila kuikaza. Hatari kubwa zaidi ni kwa watoto. Gari kuukuu halina uhakika wa kurudisha kioo chini kikigusa shingo au mkono, na mtoto aliyepiga magoti mlangoni anaweza kubonyeza swichi kwa goti. Ufunguo usiachwe ndani ya gari lenye watoto, na kitufe cha kufungia vioo vya nyuma kitumike.

Kuhusu malipo, Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima juu ya matengenezo ya magari. Fundi anatakiwa kutoa makadirio ya gharama kabla ya kazi, na bei ya mwisho haifai kuzidi makadirio hayo kwa zaidi ya asilimia 10. Sheria hiyo pia inazungumzia kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Mwenye gari aiombe mota ya zamani. Ikiguswa na nyaya mbili kutoka kwenye betri na ikazunguka kwa nguvu pande zote mbili, haikuwa mbovu, na fundi ana swali la kujibu kabla ya kulipwa.