Maji Twahara na Maji Salama: Funzo la Kipindupindu Kutoka Ujiji

Himdi zote anastahiki Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (swalla Allahu 'alayhi wa sallam), Ahli zake na Swahaba zake.

Ama ba'ad. Katika ziara moja ya da'wah huko Ujiji, nilisomesha mlango wa Twahara baina ya Magharibi na Isha. Nilipomaliza, mzee mmoja mvuvi alinyoosha mkono akasema: "Shehe, umetufundisha kuwa maji mengi hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Ziwa letu hili upande wa pili ni Kongo, na maji yake ni maangavu. Wajukuu zangu wakirudi shule wananiambia, babu, chemsha. Sasa tuwasikilize watoto au tuwasikilize wanavyuoni?"

Msikiti ulicheka, lakini mzee hakuwa akitania. Nilimjibu: "Mzee wangu, wasikilize wote wawili. Hawajapingana, kwa sababu wanajibu maswali mawili mbalimbali." Makala haya ni ufafanuzi wa jibu lile, kwani wako wengi wanaodhani kuwa maji yakishafaa kwa udhu basi yamefaa kwa kila kitu.

Fiqhi inauliza nini, na tabibu anauliza nini

Mwanachuoni anapoyatazama maji, anauliza: je, yanaondoa hadathi na najisi? Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, maji yaliyofika kulla mbili, ambazo wengi leo wanazikadiria lita 200 na kitu, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka moja ya sifa zake tatu ibadilike. Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400. Hakuna wa kuutilia shaka utwahara wake.

Tabibu anauliza swali jingine: je, ndani yake mna kitu cha kumuua mwenye kuyanywa? Kimelea cha kipindupindu hakibadilishi rangi, wala ladha, wala harufu. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa twahara na yakaua. Kujua hilo kuliwagharimu wanadamu karne nzima ya misiba, na sehemu ya misiba hiyo ilipita katika ardhi yetu.

Ugonjwa uliofuata njia ya misafara

Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja na kuua watu wengi mno. Wakati huo alikuwepo mjini daktari wa Kiskoti, James Christie. Badala ya kutibu tu, alikaa na wafanyabiashara na wasafiri akiwauliza: mliuona wapi, mwezi gani, ulitangulia kijiji kipi? Mwaka 1876 alichapisha kitabu kuhusu miripuko ya kipindupindu Afrika Mashariki. Ikabainika kuwa ugonjwa haukurushwa na upepo. Ulitembea kwa miguu ya wapagazi na kupanda majahazi, ukafuata njia zile zile za pembe na watumwa zilizounganisha pwani na Ujiji na kuendelea hadi Manyema.

Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyekuja kuvuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi ya nje mpaka ndani ya mji wa Unguja, ili watu wasitegemee visima vya mjini peke yake. Sisi tuliozaliwa huko tumelikuta jambo hilo likihesabiwa katika mema yake.

Kisima cha maji matamu

Huko London, mwishoni mwa Agosti 1854, kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho. Katika siku 10 tu walikufa zaidi ya watu 500. Madaktari wengi waliamini kuwa ugonjwa unatokana na harufu mbaya. Dkt. John Snow hakukubali. Alikwenda nyumba kwa nyumba na kukuta waliokufa wengi walichota maji kwenye bomba la Broad Street.

Liko jambo moja katika uchunguzi wake ambalo nilimsimulia yule mzee. Mwanamke mjane alikuwa amehama mtaa ule na kwenda kuishi Hampstead, mbali na Soho, ambako hakukuwa na ugonjwa. Lakini aliyapenda maji ya bomba lile kwa utamu wake, akawa analetewa kwenye chupa. Akayanywa, akafa. Maji yake yalikuwa mazuri kwa sifa zote tatu za macho, ulimi na pua!

Baadaye ilikuja kujulikana kuwa nepi za mtoto mchanga aliyekuwa mgonjwa zilifuliwa, na maji yake yakamwagwa katika karo bovu lililokuwa karibu na kisima. Mama zetu wanaofulia ufukweni, hatua chache kutoka pale ndoo za kunywa zinapojazwa, walifikirie hili.

Mwaka ule ule wa 1854, Filippo Pacini wa Italia alikiona kimelea kwa hadubini, lakini hakusikilizwa. Ilibidi kusubiri hadi 1884, Robert Koch wa Ujerumani alipokithibitisha akiwa Calcutta. Tangu 1905 mji wa Lincoln, Uingereza, ulianza kutia klorini katika maji yake, na dawa hiyo hiyo ndiyo inayogawiwa leo Kigoma kukiwa na mripuko.

Anayeuliwa na kiu

Kipindupindu huua kwa kukausha mwili. Asiyetibiwa akiwa katika hali kali anaweza kufa ndani ya saa chache, na nusu ya wagonjwa wa namna hiyo huweza kupotea. Mwaka 1832 Dkt. Thomas Latta wa Leith, Uskoti, alithubutu kuwatia wagonjwa maji ya chumvi mshipani, na baadhi yao waliokuwa mahututi wakainuka. Wenzake wakaiacha njia yake kwa miaka mingi. Kisha mwaka 1968, huko Dhaka, ikathibitika kuwa chumvi ikichanganywa na sukari hupenya utumboni pamoja na maji, na mgonjwa akaweza kutibiwa kwa kunywa. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, Dkt. Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa mchanganyiko huo, na vifo vikashuka kutoka takriban 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Kama hakuna pakiti za dukani, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, huku akipelekwa hospitali bila kuchelewa.

Kagunga, 2015

Haya si ya London na Dhaka tu. Mwezi Mei 2015 maelfu ya ndugu zetu kutoka Burundi walikimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa baina ya milima na ziwa. Walikunywa maji ya ziwa, na vyoo havikuwatosha. Kipindupindu kikaingia. Meli kongwe ya MV Liemba ikawa inawasafirisha kuja Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Katika wiki ya tatu ya mwezi huo Umoja wa Mataifa ulitaja wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, wakiwemo Watanzania wawili. Kila roho ina thamani mbele ya Allah. Lakini tazama hesabu: takriban mmoja katika 100. Lau si maji ya mshipani, pakiti za chumvi na klorini, tungezika mamia.

Hukumu tunazoulizwa

*Kunywa maji ya ziwa wakati wa mripuko bila kuyatibu:* haijuzu kwa anayejua madhara yake na anaweza kuyaepuka, kwa kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana. Kufa kwa uzembe si kutawakali.

*Udhu kwa maji hayo:* unasihi. Kusukutua ni sunna katika madhehebu yetu, basi tumia maji yaliyotibiwa. Usipoyapata, ukiacha kusukutua udhu wako haubatiliki.

*Maji yenye klorini:* harufu ndogo haiyatoi katika jina la maji. Yanatwaharisha.

*Kujisaidia ziwani au ufukweni:* Mtume (swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alikataza kujisaidia penye maji ya watu na njia zao, akaamrisha pia vyombo vifunikwe usiku na mikono ioshwe kabla ya kutiwa chomboni. Waliyaacha hayo wakayalipia kwa roho zao.

*Maiti wa kipindupindu:* aliyekufa kwa maradhi ya tumbo anatarajiwa daraja ya shahidi wa Akhera, lakini huoshwa, hukafiniwa na huswaliwa kama wengine. Waoshaji wavae glavu na wafuate maelekezo ya watu wa afya. Ikihofiwa madhara ya wazi, atayamamiwe, na inatosha. Ama chakula cha pamoja msibani wakati wa mripuko, kiachwe. Hakuna faradhi inayopotea, na wengi wameambukizwa hapo.

Yule mzee aliponisindikiza mpaka mlangoni aliniambia: "Basi shehe, ziwa nitatawadhia, na sufuria nitabandika." Nikamwambia hiyo ndiyo fiqhi.

Wa Allahu A'lam.