Je, Mashindano ya Gemu ni Michezo?

Kijana wa Kidahwe, pale barabara ya Kasulu inapoachana na ya Uvinza, huweza kuishangilia Mashujaa FC katika Uwanja wa Lake Tanganyika mjini Kigoma, na jioni akashindana na wenzake kwa kandanda ya kwenye skrini. Je, yote mawili ni michezo?

Kwa kigezo cha ushindani, ndiyo. Katika Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou mwaka 2023, washindi wa gemu walitunukiwa medali rasmi. Kiswahili nacho huliita bao mchezo, ingawa wachezaji wake huketi.

Tabibu, hata hivyo, huuliza: mwili unafanya kazi gani? Mcheza kandanda hutumia nishati mara 7 au zaidi ya mtu aliyepumzika. Aliyeketi mbele ya skrini hukizidi kidogo tu kiwango cha mapumziko. Moyo wake huweza kwenda mbio, lakini kwa msisimko, si kwa kazi ya misuli.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza wenye umri wa miaka 5 hadi 17 waushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Gemu ya kuketi haihesabiki humo. Aidha, orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022 inataja uraibu wa gemu: kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya mambo mengine, na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa miezi 12.

Basi gemu na iitwe mchezo, ila isihesabiwe kuwa mazoezi. Bingwa wa skrini bado anaudai mwili wake saa moja ya kukimbia, kuogelea au kulima.