Shokapu Mpya Si Dawa ya Kila Kelele

Gari limeshavuka kilomita laki mbili, kila siku linampeleka mwenyewe kazini, na sasa likipita kwenye rasta linagonga kama kuna kitu kimeachia chini. Fundi anasikiliza kidogo, anatamka: "Shokapu hizo." Mwenye gari anashuka Gerezani, Kariakoo, ananunua shokapu nne, zinafungwa, na kelele inabaki palepale. Hali hii nimeiona mara nyingi mno, na huniuma, kwa sababu pesa ile ingetosha kumaliza tatizo.

Uzito wa gari hubebwa na springi. Kazi ya shokapu ni nyingine: ndani yake mna pistoni inayosukuma oili ipite kwenye matundu madogo, na ugumu huo ndio unaozuia springi isiendelee kurukaruka gari likishatoka shimoni. Shokapu iliyokufa utaijua kwa gari kuyumba, pua kuinama sana ukikanyaga breki, tairi kulika kwa mabondemabonde, au oili kuvuja na kushika vumbi. Kelele ya kugonga mara nyingi hutoka kwingine, kwenye mpira uliochoka au kiungo kilicholegea.

Chukua Toyota IST, gari lililojaa mitaani kwetu. Mbele, kila upande una loa amu moja yenye bushi mbili na boljointi. Juu, shokapu imeshikwa na maunti ya mpira, na pembeni kuna linki ya stabilaiza. Linki ikilegea utasikia ko-ko-ko gari likienda polepole kwenye changarawe. Bushi ya loa amu ikichanika, unasikia "du" moja nzito unapofunga breki au unapoondoka. Maunti ikichoka, mlio hutoka ukizungusha usukani gari likiwa limesimama.

Boljointi usiifanyie mzaha. Ikichomoka, gurudumu hulala ubavu na gari halifuati tena usukani. Ikaguliwe gari likiwa limenyanyuliwa kwenye bodi, gurudumu likining'inia: mmoja atikise tairi kwa kulishika juu na chini, mwingine atazame kiungo chenyewe, kwa kuwa beringi iliyokwisha nayo huchezesha tairi. Ikiwa mfuko hauruhusu kufanya yote kwa mara moja, boljointi na tairodi endi zitangulie. Gari lenye shokapu zilizochoka linakuchosha na kukuongezea umbali wa kusimama. Lenye boljointi iliyokwisha halistahili kutoka gereji.

Sasa niseme kuhusu bushi, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Bushi ni bomba dogo la chuma ndani ya bomba kubwa, na katikati mpira ulioshikamana na vyuma vyote viwili. Haizunguki kama beringi. Loa amu inapopanda na kushuka, mpira hujisokota kidogo, kisha hurudi. Fundi akikaza bolti gari likiwa bado juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, bomba la ndani linabanwa katika hali hiyo. Gari likishushwa, mpira unabaki umesokotwa wakati wote, hata usiku likiwa limeegeshwa. Bushi ambayo ingedumu miaka inachanika baada ya miezi, na lawama yote inaangukia duka: "Umeuziwa feki." Feki zipo, tena nyingi, lakini bushi nyingine zilikuwa nzima kabisa zikaharibiwa siku ile ile ya kufungwa.

Njia sahihi haina gharama ya ziada. Bolti ziachwe zimeshikizwa tu, jeki iwekwe chini ya loa amu mpaka upande ule ubebe uzito wake wa kawaida, ndipo zikazwe kabisa. Bushi za boriti ya nyuma nazo zifanyiwe hivyo hivyo. Na ukiona oili ya injini inadondokea bushi, ziba uvujaji kwanza, kwa sababu oili hulainisha mpira na kuuvimbisha.

Shokapu zikithibitika zimekufa, zibadilishwe mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja. Za mbele zikishushwa, maunti nazo zibadilishwe, kwani kazi ya kuzifikia ndiyo hiyo hiyo. Springi ibanwe kwa kifaa chake maalumu. Anayeifunga kwa kamba au waya anahatarisha uhai wake na wa aliyesimama karibu. Na wale wanaoweka spesa ili gari lipande juu ya matuta, mimi siwaungi mkono. Pembe za boljointi na za shafti zote hubadilika, na vipya ulivyofunga vinaanza kulika mapema.

Alaimenti huja mwisho, baada ya kila kilicholegea kubadilishwa. Kupima gari lenye bushi zilizochanika ni kutupa pesa, kwa sababu vipimo vitahama kabla hujafika nyumbani.

Basi siku ya kuchukua gari lako, kabla hujalipa, muulize fundi swali moja: bolti za bushi zilikazwa magurudumu yakining'inia, au yakiwa yamebeba uzito? Akikujibu kwamba yalikuwa yananing'inia, mwombe kwa heshima azilegeze na kuzikaza upya, nawe ukiwa umesimama hapo.